Mama, Leo Unapika Nini?

Upendo mwanangu,

Mambo ya kulala kwenye chandarua, kutokula ovyo njiani na kutomwachia mtu usiyemjua simu yako, mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na najua kesho atayarudia pale stendi mpaka kondakta amwombe ashuke kwenye basi. Mimi siyagusi. Nimechana karatasi kwenye daftari lako la zamani la kemia, wewe umekwenda Mutuka kumuaga shangazi yako, na nataka nimalize kabla hujarudi. Ukiingia hapa nikakuona usoni nitaanza utani, na utani ndio mlango wangu wa uani, natorokea hapo siku zote.

Unanijua. Mdomo ndio jembe langu. Mji huu nimeuzunguka na pikapu yenye spika mbili juu tangu hujazaliwa. Maji kukatika, chanjo ya mifugo, mtoto aliyepotea, mkutano wa mtaa, viatu vya bei ya kutupa, na misiba. Watoto wa Bagara wananiigiza mpaka namna ninavyokohoa. Ulipokuwa darasa la tatu ulipigana na mtoto wa mwalimu kwa sababu alisema baba yako analipwa ili apige kelele. Ulirudi na shati lisilo na vifungo. Nilicheka sana siku ile, nikakununulia andazi. Leo naona mtoto yule alikuwa na hoja.

Kilichonikalisha hapa ni maneno yako ya Alhamisi. Tulikuwa tumemaliza kula, unamenya chungwa, unamsimulia mama yako kazi yako mpya ya matangazo kule Dar. Ukasema huyo dada atakayekuwa bosi wako amekueleza kwamba kampuni ina faili la watu maarufu. Waimbaji, wachezaji, wakubwa waliostaafu. Wengine wazee, wengine wanajulikana kwamba wanaumwa. Kila mmoja tangazo lake la pole limeshatengenezwa, picha yake nzuri, maneno matamu, na chini nembo ya mteja. Linasubiri tarehe tu. "Mtu akifa tu, sisi tunakuwa wa kwanza," ukasema.

Mama yako akashika kifua. "Yesu wangu! Mtu si yuko hai anakunywa uji wake?"

Ukamjibu, "Mama, ni kazi tu." Ukatia kipande cha chungwa mdomoni.

Mimi niliinuka nikasema naenda kuangalia tairi. Hapakuwa na tairi la kuangaliwa. Nilisimama nje nimeshika ukuta, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Nilikwambia mimi, kwenye meza hiyohiyo, siku ya kwanza ya msiba wa Paskalina.

Sasa tuzungumze. Hatujawahi kuzungumza habari hii, mimi na wewe. Tumeipita kama watu wanavyopita mbele ya mbwa aliyelala.

Mtu aliyenipa gari la kwanza kuendesha alikuwa mfanyabiashara mmoja pale sokoni, Mwislamu mcha Mungu, mkali kama pilipili kichaa. Alinipa sharti moja. Tangazo la msiba halichanganywi na la biashara. Unazima muziki, unakwenda polepole, unasimama njia panda, unataja jina la marehemu, jina la familia, mahali na saa ya mazishi. Ukimaliza unazima spika na kurudi nyumbani kimya, hata kama mwenye duka anakupigia simu mpaka betri inaisha. "Gari likishabeba jina la maiti," alisema, "siku hiyo haliuzi." Mzee yule alishafariki, na mimi ndiye niliyemtangaza. Sharti lake nililishika miaka yote. Watu wakiona gari langu linapita kimya walivua kofia, wakaulizana ni nani. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyowahi kuwa nayo mjini hapa. Nyingine zote ni kelele.

Paskalina ulimjua kuliko mimi. Alikuwa kidato cha tatu na wewe darasa la sita, alikuwa anakusuka pale barazani kila Jumamosi kabla ya mazoezi ya kwaya. Unakumbuka siku nilipomwomba sauti? Mwenye mashine ya kukamua alizeti alitaka tangazo lenye sauti ya binti, akasema yangu inatisha wateja. Tukarekodia chumbani kwako, tukaziba dirisha na blanketi ili kelele za bodaboda zisiingie. Alitakiwa kusema, "Mama, leo unapika nini?" Kisha ataje mafuta. Basi.

Mara ya kwanza alisema vizuri mpaka katikati, akaangua kicheko. "Baba Upendo, ngoja nirudie! Mama akinisikia atanicheka, anajua mimi hata ugali unanishinda!" Akacheka mpaka akapata kwikwi, na wewe ukacheka, na mimi nikajifanya nimekasirika. Mara ya pili akatoa sauti ile kama mtu anayeingia jikoni kwao. Malipo yake yalikuwa soda moja na dumu la lita tano la mafuta. Alilibeba kichwani mpaka Nangara kwa mama yake.

Baadaye akaenda Dar, wakampa jina la jukwaani ambalo mama yake hakuweza hata kulitamka. Ukapita muda, hapakuwa na saluni wala bajaji isiyompiga. Alipokuja kufanya onyesho uwanjani watu walipanda hadi juu ya ukuta. Na sisi tuliomjua na sare ya shule tulitembea mjini kama tumemzaa wenyewe.

Aliugua siku chache tu. Asubuhi ile redio ilipotangaza nilikuwa naosha gari. Sasa nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Nililia, ndiyo, uliniona nimekaa kwenye ndoo. Lakini kabla sijalia, sabuni bado mkononi, wazo la kwanza lililoingia kichwani mwangu lilikuwa hili: ile flashi yenye sauti yake iko wapi? Mtoto aliyekuwa anakula ugali wetu amekufa, na mimi natafuta flashi. Kilio kilikuja baadaye, kilikuja cha pili.

Watu wanadhani mwenye mashine ndiye aliyenishawishi. Nimewaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilimfuata mimi, kabla ya saa nne, sijanywa hata chai. Yeye ndiye aliyesita. Alikuna shingo, akaniuliza, "Baba Upendo, si mapema? Hata mwili haujafika." Nikamjibu, "Bosi, kufa kufaana." Nikacheka. Naye akacheka, kwa kuwa mimi nimecheka.

Nikaja nyumbani nikakuita. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, kompyuta unaichezea kuliko mtu yeyote ninayemjua. Macho yako yalikuwa yamevimba. Nilipokueleza ninachotaka ulinitazama, ukasema, "Baba, msiba haujaisha." Nikasema, "Msiba ukiisha watu watakuwa wameshasahau." Ukasema, "Baba, mimi siwezi." Nikapiga meza. Nikakuuliza ada yako ililipwa na nini, sabuni unayoogea inatoka wapi. Halafu nikashusha sauti, nikakushika bega, nikakwambia, "Mama, ni kazi tu."

Hapo ndipo nilipokuua kidogo, mwanangu. Kelele zangu ungezishinda, ulikuwa mbishi wewe. Lile bega ndilo lililokumaliza.

Ukafanya. Ulilia ukiwa unafanya, machozi yanaanguka kwenye vitufe, na mimi nimesimama nyuma yako naelekeza. Chini tukaweka wimbo wake, juu sauti yangu nzito ya msibani: kipenzi chetu ametutoka, lakini ametuachia chaguo lake, mafuta aliyoyapikia hadi siku zake za mwisho. Aliyoyapikia! Mtu ambaye hata ugali ulimshinda, na ushahidi tunao masikioni. Ulipofika kwenye kile kicheko uliuliza, "Na hapa?" Nikasema kata huo upuuzi. Ukakata. Ukauliza tukiweke pembeni? Nikasema flashi imejaa, futa. Ulinitazama tena, mara moja. Ukafuta.

Siku ya tatu mwili ukafika. Asubuhi nilitangaza mapokezi na saa ya misa, vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza sikuzima spika. Sikurudi nyumbani. Niliwasha lile tangazo palepale, kwenye mzunguko uleule, gari lina jina la maiti bado mdomoni, nikaelekea Nangara, kwa kuwa watu wote walikuwa Nangara.

Wewe ulikataa kuja, kwa hiyo hukuona. Nakuandikia uone.

Barabara ilijaa, nikawa natambaa. Kina mama walikuwa chini ya turubai wanamenya viazi. Ile sauti ikatoka: "Mama, leo unapika nini?" Visu vikasimama. Na Mama Paskalina akatoka ndani, pekupeku, kanga imemwanguka begani, akaja moja kwa moja mpaka kwenye gari. Akasema, "Abee."

Nilimsikia kwa masikio yangu, alikuwa karibu nami kama ulivyo mlango huu. Alichungulia kiti cha pembeni. Hapakuwa na mtu. Akainua macho kwenye spika, akakaa hivyo, mdomo wazi, na ile sauti ikamuuliza tena.

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi, Upendo. Nilichotakiwa ni kubonyeza tu. Lakini vijana walikuwa wameshatoa simu wanapiga video, watu wameanza kulia na kupunga mikono, wanaimba na ule wimbo, na mimi nikaona jinsi walivyoguswa, nikaona kazi imefanya kazi. Nikaongeza sauti.

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenipiga jiwe. Ningepigwa jiwe labda ningepona. Badala yake walinipongeza. Mafuta yaliisha dukani, mwenye mashine akaniletea mteja wa pili na wa tatu, ile video ikafika mpaka Dar, na watu wa kampuni yako wakaniuliza nani aliyetengeneza kitu kile. Nikasema kwa majivuno, binti yangu. Vigae vya sebuleni unavyopiga deki vilitoka pale. Na miaka miwili hii uliyofanya kazi nami, kila aliyekufa mwenye jina hukuhitaji tena kuambiwa. Yule mchezaji mpira wa zamani alipofariki, nilikukuta umeshamaliza tangazo la duka la jezi kabla sijavaa viatu. Uliniangalia ukisubiri sifa. Nikakusifu.

Sasa tuje Jumapili hii iliyopita. Ulikuwa kwenye korido unapiga pasi nguo zako za safari. Mama Paskalina alipobisha hodi nilidhani ni jirani. Tangu msiba hajawahi kuja kwetu. Alikuwa na mfuko wa mbaazi, akasema amesikia Upendo anasafiri, mtoto asiende mikono mitupu. Ulitoka ukamwamkia, "Shikamoo mama," akakushika mashavu yote mawili, akakuita kwa jina la utani alilokuwa akikuita Paskalina. Ukarudi kwenye pasi yako. Alikaa. Chai hakunywa. Kisha akaanza, kwa kile Kiswahili chake cha polepole.

"Baba Upendo, nyimbo zake nazisikia. Kila mahali nazisikia. Lakini yule wa kwenye nyimbo mimi simjui, anaimba mambo ya Dar. Kwenye lile tangazo lako ndiyo anaongea vile alikuwa anaongea hapa nyumbani. Mtoto wa jirani amenitilia kwenye simu."

Nikasema, "Mama, samahani sana." Sijui kama alinisikia.

"Jioni nikiwasha moto naliweka. Akisema, Mama leo unapika nini, nazima. Kabla hajataja mafuta, nazima. Halafu namjibu. Jana nilimwambia makande."

Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nimekuja kukuuliza. Kwenye mashine zako huko, hakuna mahali anaongea tu? Hauzi kitu. Hata akikohoa. Hata akicheka."

Nilitazama vigae. Nikasema, "Hakuna, mama."

Na pale kwenye korido pasi ilisimama. Niliisikia ikisimama. Nilisema moyoni, atatoka. Mwanangu atatoka sasa hivi amwambie huyu mama kwamba alicheka, alicheka mpaka akapata kwikwi, na alikutaja wewe, na baba yangu akaniamuru nifute. Nilikuombea utoke. Nilitaka univue nguo mbele yake. Nilingoja.

Pasi ikaendelea.

Mengi nimeyafanya mabaya, lakini hakuna sauti iliyowahi kuniogopesha kama ile pasi ikiendelea. Mama yule akashukuru, akasema, "Basi, nilifikiri niulize tu," akaenda zake. Umeziona mbaazi zake, mama yako amezifunga kwenye begi lako jeusi.

Jumatatu niliipeleka ile flashi kwa fundi wa simu kule sokoni. Jumanne nikaipeleka kwa mwingine. Wote wamesema kimoja, kilichoandikwa juu yake mara nyingi hivyo hakirudi. Huyo wa pili aliniuliza ni kitu gani cha maana nakitafuta. Nikamwambia kicheko. Alinitazama kama nimelewa.

Mwanangu, sikukatazi kwenda. Nikukataze kwa uso gani? Hapa hakuna kazi, unajua na mimi najua, na mama yako anahitaji dawa za presha kila mwezi. Wala sikwambii ukawagombeze mabosi wako, wakufukuze wiki ya kwanza, uje ukae hapa tutazamane. Ningekuwa na ushauri ningekupa. Nimekaa tangu saa tisa natafuta ushauri, sioni. Maji yameshamwagika. Barua ya mzee mmoja mpiga kelele haiwezi kuondoa nilichokitia ndani yako kwa kukushika bega, na sijui hata kama utaisoma mpaka hapa au utaikunja kwenye kipande cha "unanijua."

Nakwambia tu ninachokijua. Siku watakapolifungua lile faili, na jina liwe la mtu wa kweli aliyekufa asubuhi ile, watu wa ofisini watashangilia kwa kuwa mmekuwa wa kwanza, na wewe watakupongeza, kwa sababu utakuwa hodari, wewe ni hodari. Na mahali fulani kutakuwa na jiko, na mtu amesimama mbele ya jiko hilo, na atasikia ile sauti ikiuza, naye ataitika. Mimi nimemwona. Wenzako hawajamwona. Usiniambie baadaye kwamba hukuambiwa.

Na kuhusu wewe na ile pasi, sikulaumu. Ulinyamaza kwa ajili yangu. Ulimlinda baba yako mwongo. Mtoto mwenye upendo hufanya hivyo, na mimi ndiye niliyeufanya upendo wako uwe kifuniko. Lakini mzigo ule si wako, usipande nao basi. Ulikata kwa mkono wako, mdomo ulikuwa wangu.

Kesho nitakupeleka stendi. Utaona spika hazipo juu ya gari, usiulize mbele ya mama yako. Nimezifungua leo mchana, ziko bandani chini ya magunia. Ukishaondoka sitarudi nyumbani. Nitakwenda Nangara. Nitamwambia Mama Paskalina kwamba kulikuwa na mahali hakuuza kitu. Nitamwambia binti yake alisema, mama akinisikia atanicheka, anajua hata ugali unanishinda. Nitamweleza kile kicheko cha mpaka kwikwi, na blanketi dirishani, na wewe ukicheka kitandani. Halafu nitamwambia nani aliyefuta, na kwa nini, na kwamba Jumapili nilimdanganya. Kicheko chenyewe siwezi kumpa. Nitakuwa na hii sauti yangu tu, ambayo hajawahi kuhitaji kitu kutoka kwayo. Labda atanifukuza. Labda atanipa makande, na hilo ndilo naliogopa zaidi.

Ni tangazo la msiba, nimechelewa nalo miaka miwili. Nikimaliza nitarudi nyumbani kimya.

Nasikia lango. Umerudi, unamwambia mama yako habari za shangazi, unacheka. Nyamaza kidogo, Upendo. Hapana, usinyamaze. Cheka, nakusikiliza.

Baba yako